Opera gani hii, mbona haimbi mtu?

SWALI: Shikamoo anko. Juzi niko kwenye mwendokasi natokea Kimara, simu ikaniletea muziki wa mzee mmoja anaitwa Rameau, wameandika ni dansi za kwenye opera yake Les Indes galantes, nikanogewa mpaka nikapitiliza Shekilango. Sa mi najua opera ni kuimba, mbona humo haimbi mtu, ni vyombo tu? Na hizo dansi zilichezwa kweli? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajakosea, Rameau ni mtunzi Mfaransa wa miaka ya 1700 na hiyo ni opera kweli, ila ulichosikia ni dansi zake zimetolewa zikapangwa zifuatane bila waimbaji, orkestra nyingi zinafanya hivo.

Na zilichezwa sana tu! Wafaransa wa enzi zile opera bila dansi hawaitaki, mfalme wao Louis XIV mwenyewe alikuwa mcheza dansi na Lully, mtunzi aliyeishika opera ya Paris kuanzia 1672, alishacheza naye jukwaa moja. Kwa hiyo kila sehemu ya mchezo inafika mahali hadithi inasimama, wanaingia wachungaji, mabaharia, hata mapepo, wanacheza. We si unawajua Sikinde na Msondo, wanaimba weee taratibu kisa cha mapenzi af linaingia chemko, basi ndo hivo hivo, tofauti kule wanaocheza ni wa jukwaani, watazamaji wanaangalia.

Lully namheshimu ila mi moyo wangu uko kwa Rameau. Opera yake ya kwanza imetoka 1733 ana miaka 50, fikiria, na dansi zake zina joto ambalo kwa Lully silipati. Sikiliza dansi inaitwa tambourin, mwendo wa mbilimbili, kasi, besi imeng'ang'ania noti moja kama mdundo wa ngoma huku filimbi ndogo inaruka juu. Menuet, dansi nyingine, yenyewe inahesabiwa tatu, imetulia. Af kuna Les Sauvages, hiyo ina historia: mwaka 1725 Rameau aliwaona wenyeji wa Louisiana kule Marekani wakicheza Paris, akaitungia kinanda, baadae 1736 akaiingiza kwenye hiyo hiyo Les Indes galantes. Sauti yake kuu inarudi kila baada ya kipande kama kiitikio, ndo maana haikutoki kichwani.

Ila ukiwa na muda kaa na chaconne, ile dansi ndefu ya mwisho wa opera. Hesabu tatu tatu, fuata besi, utasikia inazunguka na kurudi huku juu kila mara kuna jipya, mara violini, mara filimbi, mara tarumbeta na ngoma wote kwa pamoja, mi hapo huwa nasimama kabisa.

Na mpaka leo zinachezwa. Mwaka 2019 Opéra Bastille, Paris, waliipandisha hiyo opera na vijana wa dansi za mtaani, aliyewapangia michezo ni Bintou Dembélé, na ile Les Sauvages wakaicheza kwa krump, dansi ya mtaani ya kurusha mwili kwa nguvu. Itafute, video zipo.