Muvi za wachoraji: tafuta zinazoonyesha kazi, msiba uje baadae

Wadogo zangu wanaojifunza kuchora huwa wananiuliza waanze na muvi gani ya maisha ya wasanii, na jibu langu ni hilohilo siku zote, anza na ile ambayo utamwona mtu anafanya kazi. Muvi nyingi za wachoraji zinapenda msiba, yani mtu analewa, anagombana na mkewe, anakufa kijana, halafu picha zenyewe unaziona zimeshatundikwa ukutani, hujui zilianzaje. Ukizimeza nyingi za hivyo unaanza kuamini kwamba bila kuvurugikiwa na maisha huwezi kuchora kitu cha maana. Nimeona vijana wenye kipaji kabisa wakiamini hivyo na inaniuma sana.

Mi ningekwambia anza na Le Mystère Picasso ya mwongozaji Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1956. Ni ya zamani, ni ya Kifaransa, lakini usiogope maana maongezi ni machache. Walichofanya ni kumpa Picasso karatasi ambayo wino unapenya mpaka upande wa pili, kamera ikakaa nyuma ya karatasi hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya muvi mkono wake huuoni, unaona mistari inatokea tu mbele yako mmoja baada ya mwingine. (Aliyeshika kamera ni Claude Renoir, mjukuu wa yule mchoraji Auguste Renoir, napenda sana hilo.) Kuna picha anaanza ua, ua linakuwa samaki, samaki anakuwa jogoo, jogoo naye anaishia kuwa sura, na kila hatua unajisemea hapa pamependeza aache basi, haachi. Halafu mwishoni anaingia kwenye picha kubwa ya ufukweni ya rangi za mafuta, anapaka, anafuta, anabandika, anabadilisha, mpaka anasema mwenyewe kwamba mambo yanaharibika na anachukua kanvasi nyingine anaanza upya. Hapo alikuwa ameshavuka miaka 70 na dunia nzima inamjua! Ukiiangalia kaa na penseli na karatasi, isimamishe kila anapoongeza kitu, chora wewe unachodhani kitafuata, ndo uendelee. Mimi zoezi hilo limenifundisha kutoogopa kuharibu kuliko darasa lolote nililokaa.

Ukitoka hapo nenda kwenye Gerhard Richter Painting ya Corinna Belz, 2011. Hiyo ni dokumentari ya Mjerumani mmoja mtulivu, anapaka rangi kwenye kanvasi kubwa kisha anachukua kibao kirefu anakiburuta juu ya rangi mbichi, anarudi nyuma, anaangalia, anaangalia tena. Wengine wataona inaboa, wavumilie, kwa sababu kule kuangalia ndo nusu ya kazi yenyewe na muvi karibu zote sehemu hiyo zinaikata. Na kuna sehemu anamwambia Belz kabisa kwamba kuchora huku unatazamwa na kamera ni shida.

Ndo sababu hii nayo nashauri uiangalie kabla ya Pollock ya mwaka 2000 ya Ed Harris, utaielewa tofauti kabisa. Mchoraji Mmarekani Jackson Pollock mwaka 1950 alipigwa filamu na mpigapicha Hans Namuth akiwa anachora, mpaka wakatumia kioo, Pollock anachora juu yake, Namuth anapiga kutokea chini, na siku walipomaliza Pollock ambaye alikuwa ameacha pombe akarudi kunywa. Muvi inaonyesha hayo. Mwaka 1956 akafa kwa ajali ya gari, anaendesha amelewa, ana miaka 44. Lakini ukiiangalia mara ya pili mfuatilie Lee Krasner, mkewe, mchoraji haswa naye, aliyechezwa na Marcia Gay Harden mpaka akapata Oscar. Jiulize muda wake wa kuchora unaenda wapi. Na angalia rangi, Pollock alitumia sana rangi za kawaida za dukani za kupakia nyumba, anazimwaga kwenye kanvasi iliyolazwa chini, na huku kwetu Edward Saidi Tingatinga naye miaka ya mwisho ya 60 Dar es Salaam alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba usubiri mpaka upate rangi za bei mbaya kutoka nje.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, picha unazoziona kwenye muvi za kuigiza mara nyingi sio zenyewe. Basquiat ya 1996, aliyoitengeneza mchoraji mwenzake Julian Schnabel, haina picha halisi za Jean-Michel Basquiat, mchoraji wa New York, maana wasimamizi wa mali zake walikataa, zile zimechorwa kuiga. Mwaka huohuo Surviving Picasso aliyoigiza Anthony Hopkins nayo ilinyimwa vilevile. Jeffrey Wright kaigiza Basquiat vizuri mno, iangalie, ila ukimaliza tafuta picha zake halisi mtandaoni siku hiyohiyo, kabla zile za kuiga hazijakukaa kichwani.

Na kama nyumbani wazazi wanakwambia uchoraji sio kazi, picha atanunua nani, kaa nao muangalie Herb & Dorothy ya Megumi Sasaki, 2008. Herb Vogel alikuwa mfanyakazi wa posta New York, mkewe Dorothy mkutubi, wanaishi kwa mshahara wa mama, mshahara wa baba unanunua picha za wasanii wa wakati huo ambao wengi walikuwa hawajulikani bado, wakati mwingine wanalipa kidogokidogo, na masharti ni mawili, bei waimudu na picha ienee kwenye kaflati kao kadogo. Zikafika kazi zaidi ya 4,000, hawakuuza, wakazikabidhi makumbusho ya sanaa ya taifa kule Washington. Mzee wangu ameiangalia mpaka mwisho, akaniomba nimwonyeshe nilichokuwa nachora wiki ile.