Mwambieni mgeni bahari hutoka saa ngapi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba vinne Jambiani, Unguja: kulala na chai ya asubuhi. Kijana mmoja ametuahidi kwa shilingi laki tatu atatuandikia maelezo ya nyumba ya kuweka mtandaoni, kwa Kiingereza cha kuvutia, na juu yake atatuwekea maoni 30 ya wageni. Nimekuambatishia mfano wa maandishi yake. Je, tumpe kazi? Na tukiamua kuandika wenyewe, mgeni tumwambie nini na tuache nini? Kiingereza chetu ni cha kuombea maji.

JIBU: Marahaba dada yangu. Msimpe.

Mfano wake nimeusoma mara mbili. Sentensi ya tatu inamwahidi mgeni kwamba atakaa kwenye baraza yenu atazame jua likizama baharini. Jambiani! Ninyi mko pwani ya mashariki. Jua kwenu huchomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba, upande wa minazi. Maneno hayo yaliandikiwa nyumba ya Kendwa au Nungwi, kule kaskazini-magharibi, jina likabadilishwa. Mbele kidogo anasema wageni wenu wataogelea “saa yoyote, hatua kumi kutoka kitandani”. Kendwa mtu anaweza kuogelea karibu siku nzima, maana maji hayaendi mbali. Kwenu maji yakitoka, mgeni ataona mchanga, mwani na mashua zimelala ubavu, na bahari yenyewe ni mstari mweupe kule kwenye mwamba.

Mifano ya namna hii naletewa karibu kila wiki, kutoka Paje, Lamu, Bagamoyo, na juzi kutoka kwa mama mmoja wa Moshi ambaye nyumba yake iliandikiwa “upepo wa bahari”. Kinachoniumiza zaidi ya huo wizi wa maneno ni imani iliyo nyuma yake, kwamba kazi ya maelezo ni kusifu. Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kila jambo la mtaa wao, wakishika kalamu wanaanza kuandika pepo ndogo ya duniani na mchanga kama unga. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mgeni wa leo analijua hilo vizuri. Nyumba mia zimeshamwambia habari ya pepo kabla yenu. Hakuna hata moja iliyomwambia bahari ya Jambiani hutoka saa ngapi.

Nianzie hapo kwenye bahari, kwa sababu ndiko malalamiko mengi ya pwani yenu yanakotoka. Unguja hupokea Wataliano wengi, na katika sehemu nyingi za Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo sana. Mtu amezaliwa ufukweni, ameogelea maisha yake yote, na hajapata kuona bahari ikiondoka. Anafika kwenu siku ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, anaamka, anafungua dirisha saa nne asubuhi, bahari haipo. Anahisi ametapeliwa. Picha aliyoiona ilipigwa maji yakiwa yamejaa hadi ukutani, na hakuna aliyemwambia lolote.

Hapo ninyi mna elimu ambayo haiuzwi. Majirani zenu wanaolima mwani, kazi iliyoanza hapo Jambiani na Paje mwaka 1989, hupanga wiki zao kwa bamvua na maji mafu. Yaandikeni hayo kwa lugha ya kawaida. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka sana; asubuhi kama saa nne au saa tano yapo mbali kabisa, na alasiri yamerudi. Kuogelea ni jioni. Asubuhi ni ya kutembea hadi kwenye mashamba ya mwani ukiwa na viatu, kwa sababu chini kuna miiba ya baharini, na uwe na mtu anayejua maji yataanza kurudi lini. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo jedwali la mwezi mzima mnaweza kulibandika ukutani na kumtumia mgeni kabla hajapanda ndege. Mgeni aliyesoma hayo akifungua dirisha asubuhi hatakasirika. Atavaa viatu, atashuka.

Ninasisitiza hivi kwa sababu nimeona kuficha kunamfanya nini mtu. Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi hadi Machi 2010. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Tulikatazwa kuwaambia wageni waliokwisha kulipa, eti watafuta safari. Usiku mmoja akafika mama wa makamo, peke yake, na kitu cha kwanza alichoweka juu ya meza kabla hata ya pasipoti kilikuwa kipochi cha insulini. Akauliza friji iko wapi. Jenereta letu lilikuwa likizimwa saa nne usiku. Nilikwenda Malindi, hapo hapo mjini, kutafuta barafu ya samaki, tukazungushia dawa taulo mbili isigande, na kila baada ya saa chache mmoja wetu alipanda juu kuigusa. Tulifanya hivyo siku sita. Barua moja ya mistari mitatu ingetosha kumwezesha mama yule achague: aje na chombo chake cha baridi, aahirishe, au aende kwingine. Tangu siku ile mtu akiniambia “ukisema ukweli utafukuza wageni” sina subira naye.

Kwa hiyo semeni umeme ukikatika mnafanyaje. Kama maji ya kuogea ni ya kisima na yana chumvi, semeni, na semeni pia kwamba ya kunywa mnayatoa bure, kama mnayatoa. Msikiti ukiwa karibu, mwandikieni kwamba adhana ya alfajiri ataisikia chumbani. Kuna atakayeona hapamfai, naye ni bora aijue mapema kuliko kuijua akiwa kitandani. Mwezi wa Ramadhani mwelezeni kwamba hapo nyumbani atakula mchana kama kawaida, lakini njiani kijijini asile wala asinywe mbele za watu, na migahawa mingine hufungwa hadi magharibi.

Njia ya kufika inataka uangalifu kuliko mnavyodhani. Jambiani ni ndefu, na dereva aliyeambiwa “Jambiani” tu anaweza kumzungusha mgeni usiku kutoka Kibigija hadi Mfumbwi. Tajeni kitongoji, tajeni alama ambayo haihamishiki, na rangi ya mlango. Anayetaka daladala ya 309 mwambieni apandie wapi, na kituo kikibadilishwa rekebisheni siku hiyo hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima wakati utaratibu ulipoanza. Hilo mwambieni aje nalo tayari. Kila penye bei, wekeni tarehe mliyoandika.

Saa nazo! Mgeni atayapitisha maneno yenu kwenye programu ya kutafsiri, na programu haijui kwamba siku yetu inaanza alfajiri. Namjua mwenye nyumba aliyeandika gari litakuja “saa mbili asubuhi”. Tafsiri ikasema saa 2:00 ya asubuhi kwa hesabu ya kizungu, na mgeni alikutwa nje na begi lake saa nane za usiku, mbwa wanambwekea. Andikeni 08:00 na mambo yaishe. Na hiyo ndiyo sababu Kiingereza chenu cha kuombea maji hakinitii wasiwasi. Sentensi fupi yenye namba na jina la kitu hutafsirika vizuri kwa lugha yoyote. Maneno ya mapambo ndiyo yanayoharibika njiani. Andikeni Kiswahili kwanza, kikavu, kisha mwalimu wa skuli hapo kijijini awapitishie.

Kuhusu chai ya asubuhi, umeniandikia mstari mmoja tu, “chai, matunda, vibibi na mayai”, na umepita. Rudi hapo. Eleza kibibi ni nini: mchele umerowekwa usiku, ukasagwa na tui la nazi, hamira na iliki, ukamiminwa kwenye kikaango kidogo. Hakina unga wa ngano. Kuna watu duniani ambao ngano inawaumiza, wanaosafiri na biskuti mfukoni kwa sababu hoteli hazina cha kuwapa, na watavuka nyumba kumi kuja kwako kwa kibibi. Lakini kama kikaango hicho hicho ndicho unachopikia chapati, lazima useme, maana kwa mgonjwa hata mabaki ya ngano yana madhara. Na karanga zikiingia kwenye chochote, zitajwe kwa jina.

Ya kuacha ni machache, ila yashikeni. Msitoe picha ya mgeni bila ruhusa yake, na hata akiruhusu, subirini aondoke. Kutangaza kwamba wazee wawili wamelala chumba cha juu wiki nzima na leo wamekwenda msitu wa Jozani kuona kima punju ni kumwelekeza mwizi. Mnapoficha ufunguo pasiandikwe popote. Wanawake wa mwani nao si mapambo ya nyumba yenu. Waombeni, na wakikataa pigeni picha ya kamba na vigingi.

Nimerudi kwa kijana wenu na maoni yake 30, kwa sababu hapo ndipo hasara ya kweli ilipo. Mitandao ya kuwekea nafasi za vyumba, Booking.com na Airbnb, hupokea maoni ya mtu aliyeweka nafasi kupitia kwao tu, kwa hiyo ili kutimiza ahadi yake huko itabidi atengeneze wageni wa uongo wenye malipo ya uongo, kwa jina la nyumba yenu. TripAdvisor, mtandao wa maoni ya wasafiri, hupokea kutoka kwa yeyote, lakini wana watu na mitambo ya kusaka maoni ya kununuliwa, na nyumba ikikamatwa hubandikiwa onyo jekundu ambalo kila msomaji analiona. Mwaka 2018 mahakama ya mji wa Lecce, Italia, ilimhukumu mtu kifungo cha miezi tisa kwa kuuzia hoteli maoni ya kubuni. Biashara yake ndiyo hii hii mnayoletewa mlangoni kwa laki tatu.

Wauzaji hawa wamekuwa wengi. Mwingine atawaambia neno “ufukwe” lirudiwe mara ishirini ili mtafutaji awaone kwanza. Mwingine atawauzia wafuasi elfu kumi ambao hakuna hata mmoja atakayelala kwenye chandarua chenu. Mwingine atataka namba ya siri ya akaunti “arekebishe mambo kidogo”, na siku mkigombana akaunti inakwenda naye. Nimemsaidia mjane mmoja wa pwani kufungua upya kurasa za nyumba yake baada ya miaka saba ya maoni ya kweli kupotea kwa njia hiyo. Alilia mbele yangu kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Anayewauliza bei ya chumba kabla hajawauliza maji yenu hutoka saa ngapi, hawezi kuwaandikia Jambiani.

Anzeni na ukurasa mmoja. Ukiisha, mtafuteni mtu wa bara ambaye hajawahi kufika Unguja, ausome mbele yenu bila kusaidiwa, kisha mwulizeni: ukishuka uwanja wa ndege utafikaje kwetu, utaoga maji gani, na Jumamosi bahari utaikuta saa ngapi? Akikwama, hapo ndipo pa kuongeza mstari. Ukurasa huo nitumieni, nitausoma bila malipo.