Kabla ya kujenga ukuta wa nusu jikoni au bafuni, kaa chini kwanza

Kwa miaka mingi jiko letu la Buruburu lilikuwa na giza hata saa sita mchana. Nyumba ni zile za chini na juu za miaka ya 1970, jiko liko nyuma, na kati yake na sebule palikuwa na ukuta wa mawe uliofika darini. Mama akipika alisikia wageni wakicheka bila kujua wanacheka nini. Hiyo ndiyo iliyonifanya nitake ukuta ule ushuke.

Sikutaka uondoke wote. Nyumba nyingi mpya za Kilimani na Syokimau zimeacha jiko wazi kabisa, na mwanga wake naupenda. Lakini kwetu Jumamosi ni siku ya chapati, na sitaki mgeni akae akitazama unga, mafuta na sufuria zinazongoja kuoshwa. Ukuta wa nusu hupitisha mwanga, sauti na uso wa mtu, halafu ukaficha sinki. Nimeishi na kuta mbili za namna hiyo sasa, mmoja jikoni na mmoja bafuni, na wa bafuni niliujenga mara mbili.

Kama juu ya ukuta kuna slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya juu, usikubali nyundo iuguse kabla hujajua unabeba nini. Fundi wa kwanza aliniambia, "Mama, huu ni wa kugawanya tu, jioni tumemaliza." Nilimwomba asubiri, nikapanda juu na futi ya kupimia. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umekaa sawasawa juu ya ule wa jikoni. Kugonga ili kusikia mlio hakusaidii katika nyumba za mawe, maana jiwe hulia vilevile likibeba na lisipobeba. Mhandisi alikuja akathibitisha kwamba slabu imelala pale. Ikabidi ishikiliwe na propu, zile nguzo za muda, pande zote mbili na bimu (boriti) ya zege imwagwe juu ya nafasi tuliyofungua, ikilala inchi 9 kwenye ukuta kila upande. Nguvu ya zege ambayo wahandisi huihesabia ni ya siku ya 28, na sisi tulingoja hadi siku hiyo tukipikia nje. Kazi ya namna hii inataka michoro na idhini ya kaunti pia. Fuata njia hiyo hata kama jirani yako hakuifuata.

Sasa kimo, ambacho naona watu wengi hukiachia mazoea ya fundi. Wangu alisema futi 4, kwa sababu ndivyo alivyojenga kwingine. Kaunta ya jikoni kwa kawaida ni inchi 36. Ukuta ukiwa sawa na kaunta haufichi kitu. Ukizidi sana, umejirudishia ukuta wa zamani. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote tulipanga kreti za soda na katoni kwenye mstari wa ukuta, upande wa sebule, ubao ukawekwa juu, kisha nikaenda kukaa kwenye kochi. Kukaa ndiko muhimu, kwa sababu mgeni hatazami jiko lako akiwa amesimama. Mama naye alisimama mahali pa kukatia mboga, lakini ukuta wa zamani bado ulikuwa kati yetu, kwa hiyo akahamia sebuleni nyuma ya kreti, nami nikabaki kwenye kochi la mbali. Kwa futi 4 nilimwona paji la uso tu. Akasema, "Sasa nimerudi kulekule." Tulipunguza hadi inchi 42 na uso wake ukatokea wote, huku zile inchi 6 zilizozidi kaunta zikitosha kuficha sahani chafu.

Namba hiyo inakubaliana vizuri na mawe yetu. Jiwe la Ndarugo, lile la kujengea linalochongwa, la kimo cha inchi 9, pamoja na simiti ya kiungo, linakaribia inchi 10. Kozi 4, yaani safu 4 za mawe, zinakupa kama inchi 39, ongeza kofia ya zege ya inchi 2 na graniti juu yake, umefika. Tulikata kwenye kiungo cha kozi ya nne kwa grainda, pande zote mbili, huku mtu wa mkono akimwagilia maji ili vumbi litulie. Nyundo kubwa hutikisa hata kozi unazotaka zibaki. Na pima kutoka juu ya taili za mwisho za sakafu. Ukipima kwenye zege tupu, taili na simiti yake zitakula zaidi ya inchi moja ya kimo ulichochagua.

Graniti tuliitokeza inchi 10 upande wa sebule ili watoto wafanyie kazi za shule pale. Kwa kimo hicho tafuta stuli za inchi 30 hivi, kiti cha kawaida hakifai. Ukitaka itokeze zaidi ya futi moja, weka vyuma vya kuishikilia. Zile inchi 6 za upande wa jikoni zinatosha boksi ya soketi, mbali na maji, lakini paipu za nyaya ziingie kabla ya plasta.

Jiko la gesi usiliweke kwenye ukuta huo. Mkono wa mtoto hufika juu yake kutoka sebuleni, na mafuta yakiruka yanaangukia upande wa pili. La kwetu limebaki kwenye ukuta wa nje, karibu na dirisha, na juu yake tumeweka feni ya kuvuta moshi. Bila feni hiyo omena ya leo utainusa kwenye pazia kesho.

Bafuni ndiko nilikokosea. Bafu ya chini tulimpa Mama, na shawa ilikuwa ikimwagia choo maji, karatasi inaloa, sakafu yote inateleza. Nilimwambia fundi ainue ukuta mfupi kati ya shawa na choo. Akaujenga juu ya taili za zamani, nami sikujua vya kutosha kumzuia. Ulipendeza. Baada ya miezi michache Mama aliushika akitaka kuinuka kutoka chooni, akaniita: "Mwanangu, huu ukuta unatembea." Chini palikuwa na ufa mrefu, na simiti ilikuwa imebanduka kwenye taili. Nilipoona mkono wake ulikuwa wapi, na kwamba angeanguka na mawe yale, niliuvunja kesho yake.

Ukuta mrefu hushikwa juu na pembeni. Ukuta wa nusu hauna cha kuushika juu, na mwisho wake mmoja uko hewani, na huko ndiko watu huegemea. Mara ya pili tulichimbua taili hadi kwenye zege. Kwenye mwisho ulio hewani tulimwaga kinguzo cha zege chenye nondo zilizoingizwa na kugundishwa kwenye matundu yaliyotobolewa sakafuni, na kwenye ukuta wa zamani tukafunga kwa hupu aironi, ule utepe wa chuma, kila baada ya kozi moja. Tulitumia jiwe la inchi 4, na hata hilo, likishapata plasta na taili pande zote, linakaribia inchi 6. Kwa hiyo piga hesabu ya nafasi kwa unene wa mwisho, na uache angalau inchi 15 kutoka katikati ya choo hadi kwenye taili. Chuma cha Mama cha kushikia kimefungwa kwenye zege, si kwenye taili.

Dawa ya kuzuia maji ianze sakafuni, ipande ukuta na ivuke juu yake kabla ya taili. Ziba tundu la maji, jaza maji sakafuni, acha saa 24, uangalie kama yamevuja. Juu tumeweka kipande kimoja cha graniti badala ya taili ndogo zenye viungo vingi, nacho kimeinama kidogo kuelekea shawa ili maji yasikae wala yasimwagikie chooni.

Ukiishi kwenye fleti hali ni nyingine. Ukuta wa jiwe la inchi 4, wenye urefu na kimo cha futi 4, unapita kilo 300 ukishamalizwa, na wote unakaa kwenye slabu ya mtu wa chini yako. Mwulize mhandisi wa jengo kwanza. Kama ni nyumba ya kupanga, kabati la kimo cha inchi 42 lenye mgongo wa mbao uliopakwa rangi, likiwa limefungwa ukutani kwa skrubu, litaficha sinki vilevile, na utahama nalo.