Unayeanza kusafisha zege majumbani Mbeya, tazama maji kwanza

Mdogo wangu, ukiitwa kusafisha njia ya gari au kijia cha mlangoni, usikimbilie brashi. Zunguka kwanza uone maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Huku kwetu mvua huanza Novemba ikaendelea hadi Aprili au Mei, na Tukuyu ndiyo usiseme. Zege lililo kivulini, chini ya mparachichi au nyuma ya ukuta, halipati nafasi ya kukauka, na hapo ndipo ukijani unapoota. Ule ni uoto hai. Ukiukwangua juu juu utarudi, na mwenye nyumba atasema umemlia hela. Kama gata inamwaga maji katikati ya njia, mwambie airekebishe kabla hamjapatana bei.

Dawa ya ukijani ni jiki: kikombe 1 kwa vikombe 10 vya maji. Fagia majani, lowesha maua ya pembeni kwa maji matupu, kisha mwagia. Acha kama dakika 15 bila kuruhusu ikauke, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki, suuza. Brashi ya waya iache: vipande vyake hubaki kwenye zege na kuota kutu. Na tafadhali sana, usichanganye jiki na dawa ya chooni yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaua. Asidi yenyewe hula saruji, hata kama jirani ataapa kwamba inang'arisha.

Mafuta ya gari yafunike kwa maranda yakeshe hapo, fagia, halafu sabuni ya unga na maji ya moto. Doa la zamani litafifia tu, usiahidi zaidi.

Mashine ya presha inarahisisha kazi, ila ukisogeza mdomo wake karibu mno unang'oa saruji ya juu na mchanga unabaki wazi. Zege lenye vinyweleo hivyo hushika ukijani haraka kuliko mwanzo. Zege jipya lisubiri siku 28.

Sasa niru, yaani uji wa saruji tupu unaopakwa juu ya zege na kulainishwa. Wateja wanaipenda kwa sababu inang'aa, na nyumba nyingi za hapa zipo kwenye mteremko. Septemba inapendeza, Januari mgeni anateleza na sinia la vitumbua mkononi. Ukikuta fundi bado anamwaga, mshauri mwenye nyumba zege lichorwe mistari kwa fagio likiwa bichi, ikikatiza mteremko, na liinamishwe kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni. Kama niru imeshapigwa, sabuni haitasaidia. Aitwe fundi agongegonge kwa tindo mpaka uso uwe na mikwaruzo, akianzia penye ngazi na penye kona, ambako watu hugeuka haraka.