Nilibadilisha kila kitu isipokuwa fremu

Jumanne usiku, nikiwa tayari kitandani, ujumbe uliingia kutoka kwa msomaji mmoja. "Kaka, hatimaye nimepata baiskeli ya mlimani. Gia 21, shokapu mbele na nyuma. Sasa nataka niifunge foku ya upepo na gia 12. Nianze na kipi?" Chini yake alikuwa ameweka picha. Baiskeli imeegemezwa ukutani, inang'aa, foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) nyekundu. Nikaikuza picha kwa vidole. Kiti kilikuwa kimezamishwa hadi mwisho, bomba lake halionekani hata kidogo.

Usingizi ukaniruka. Kiti kile nakijua. Nimekalia kiti cha namna ile miaka mitatu.

Ndugu yangu, nilikujibu usiku ule kwa mistari miwili tu, na najua hukufurahi. Jibu lenyewe ni hili hapa, na samahani kwa urefu wake.

Baiskeli yangu ya kwanza ya mlimani niliichagua kwa macho. Ilikuwa na springi mbili, maandishi makubwa kwenye fremu, na uzito ambao mimi niliuita uimara. Nilipoipanda kwa mara ya kwanza nikatandaza miguu chini, bomba la juu likanigusa mahali ambapo halipaswi kumgusa mtu. Nikamwambia muuzaji naona kama ni kubwa. Akacheka. "Mwanaume mzima! Utaizoea." Sijui kwa nini neno hilo lilinifunga mdomo. Niliilipia, nikaondoka nayo, na kitu cha kwanza nilichofanya nje ya mlango ni kushusha kiti hadi chini.

Sikuizoea. Ikipita nusu saa vidole vyangu vinakufa ganzi, kidole kidogo na mwenzake wa pembeni. Shingo inauma kesho yake. Kila mpanda baiskeli anajua tunavyofanya tukiumia: hatuulizi, tunanunua. Nikanunua glovu zenye sponji. Nikanunua kiti kipana. Nikabadilisha shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika kwa mbele, nikatoa ya milimita 100 nikaweka ya 60 ili mikono isinyooke sana. Shingo yangu ikapumua kidogo, lakini usukani ukawa mwepesi kupita kiasi; ukipiga chafya umehama njia.

Ndipo nikaamua tatizo ni foku. Ile ya springi ilikuwa nzito na haichezi. Ukiibonyeza inashuka, ikirudi inagonga kama mlango. Nikatafuta ya upepo, inayocheza kwa hewa iliyobanwa badala ya springi, iliyotumika kidogo, nikaipata, nikaibeba kwa fundi nikitembea kama bwana harusi. Fundi akang'oa ya zamani, akainua mpya, akaishusha, akanitazama. Shina lake, lile bomba la foku linaloingia kwenye fremu, lilikuwa nene chini. Ngoja niseme sawasawa kwa sababu namba hizi zimenigharimu. Shina la kisasa linaanza na inchi 1⅛ juu na kuishia inchi 1½ chini. Kichwa cha fremu yangu, pale mbele panapopokea shina, kilikuwa bomba lililonyooka, la kupokea inchi 1⅛ juu mpaka chini. Haliingii. Hakuna nyundo wala grisi itakayoliingiza.

Foku ile ikalala uvunguni mwa kitanda.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikatafuta foku nyingine, yenye shina lililonyooka, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikachukua yenye mchezo (urefu inaoweza kushuka) wa milimita 120. Fremu ilichorwa kwa ajili ya 80. Wanaojua hesabu za fremu wanasema kila milimita 20 unazoongeza mbele, kichwa cha fremu kinalala nyuma kwa karibu digrii moja. Mimi niliongeza 40. Baiskeli ikaelekea juu kama ng'ombe anayenusa mvua. Kwenye mteremko, sawa, ilijisikia vizuri. Kwenye mlima gurudumu la mbele lilipepesuka huku na huko, na mimi, niliyekuwa tayari nimenyooshwa na fremu kubwa, nikawa nalalia usukani ili lisinyanyuke.

Gia nazo. Kifupi: gia 21 ni sproketi 7 za nyuma mara 3 za mbele, ila zile 12 zote ziko nyuma. Friwili, rundo la sproketi za nyuma, ya gia 7 hufungwa kwa nyuzi moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Kaseti, rundo la sproketi la kisasa, haifungwi hivyo, inavaa kwenye habu ya aina nyingine. Kwa hiyo gia mpya zilidai gurudumu jipya. Tena kaseti nyingi za gia 12 zenye sproketi ndogo ya meno 10 hazikai hata kwenye habu ya kaseti ya zamani. Zinataka umbo lake. Nikipata gurudumu zuri, nakuta ekseli yake ni ile nene ya kupenya, habu ya upana wa milimita 148. Nyuma ya fremu yangu palikuwa na nafasi ya 135 na ekseli nyembamba ya kufyatua. Kila nilichonunua kilikuja na njaa yake.

Sitaki kuzungumzia ule mwezi nilioufunga usukani wa kupinda ili iwe baiskeli ya changarawe, ile ya njia za vumbi na lami. Niseme tu kwamba levya (vishikio vya breki na gia) za usukani wa kupinda na vibadilisha gia vya mlimani mara nyingi havivuti waya kwa urefu ule ule, na breki pia hivyo hivyo. Yatosha.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa kundi, njia ya vumbi na mawe madogo, mteremko mrefu wenye kona. Nilikuwa na foku ya milimita 120, shokapu nyuma, breki za diski. Pembeni yangu mzee mmoja mwembamba, juu ya baiskeli ya chuma isiyo na springi hata moja, magurudumu ya inchi 26, rangi imebambuka. Kwenye kona ya pili alinipita. Hakukanyaga pedali, alinipita akiwa ametulia, mimi natetemeka mpaka meno yanagongana. Chini akanisubiri. Hakusema kitu, aliinama, akabonyeza tairi langu la mbele kwa dole gumba. Dole halikuzama. Akachukua dole langu mimi, akalibonyeza kwenye tairi lake. Likazama kiasi, kama unavyobonyeza embe lililoanza kuiva.

"Umejaza jiwe," akasema.

Nilikuwa na PSI 55 (kipimo cha nguvu ya upepo kwenye tairi), kwa sababu nilidhani upepo mwingi ndio kasi. Tukatoa palepale, pssss, mpaka kama 30. Niliporudi kwenye changarawe nilihisi mtu amenibadilishia baiskeli. Tairi lilishika, lilimeza vijiwe vidogo ambavyo foku yangu ya mamilioni ya mawazo ilikuwa inavirukia. Nusu dakika, bila kutumia chochote. Wenzangu kwenye kundi walicheka, na mmoja wao (anajijua) alilisimulia jambo hilo kwa miezi. Bado linaniuma kidogo, siwezi kusema uongo.

Usiku ule nilisoma habari za wale vijana wa Marin, California, walioanzisha mchezo huu. Mwaka 1976 walianza kushindana kwenye mteremko mmoja wa vumbi wakitumia baiskeli za zamani sana, nzito, zenye breki ya kukanyaga nyuma. Wakifika chini, grisi ndani ya habu imeungua inatoa moshi, inabidi wafungue wajaze mpya. Ndiyo maana mteremko ule unaitwa Repack. Nao walifunga na kufungua kama mimi: wakaweka gia, wakaweka levya za breki za pikipiki, matairi mapana. Lakini mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliketi akatengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi ile. Niliposoma hapo nilifunga simu. Watu waliovumbua uboreshaji wa baiskeli ya mlimani walifika mahali wakaona kiporo hakipashwi milele, chungu kipya kinahitajika.

Niliiuza ile yangu. Niliyemuuzia ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, na mpaka leo anaipenda sana, jambo ambalo pia linaniuma.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Jumanne, kabla ya foku na kabla ya gia, vua viatu, simama ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja ukikipandisha mpaka kikuguse kama kiti kinavyogusa, kisha pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, jibu ni kama 70.6. Huo ndio urefu wa kuanzia, kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mhimili ambao mikono ya pedali inazungukia) mpaka juu ya kiti. Ni wa kuanzia tu, utapandisha na kushusha kidogo. Lakini kama fremu yako haikuruhusu kufika hapo bila kuzamisha bomba lote, umeshajijibu.

Kisha urefu wa mbele, ambao mimi sikuujua na hakuna aliyeniambia. Vuta mstari wima kutoka ekseli ya kranki kwenda juu, pima kwa usawa kutoka mstari huo mpaka katikati ya juu ya kichwa cha fremu. Kiti kinapanda na kushuka, urefu huu hauendi popote. Tafuta baiskeli ya rafiki ambayo ukiipanda mwili unanyamaza, ipime, nenda na namba hiyo. Herufi za S, M na L zisikudanganye. M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine.

Ukishapata fremu inayokukaa, itazame kama mtu atakayeishi nayo. Kichwa chake ni kinene chini? Nyuma inapokea ekseli nene? Kile kipande kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia kinafunguka, au kimechomelewa? Kikivunjika ukiwa porini utalikumbuka swali hili. Na nafasi ya tairi: ingiza vidole kati ya tairi na fremu. Kwa baiskeli ya changarawe mimi siangalii fremu isiyopokea tairi la milimita 45, hata kama leo natumia 40.

Mlimani au changarawe? Watu wanaandika kurasa kumi kuhusu hili. Kama njia zako zina mawe makubwa na mizizi, chukua ya mlimani yenye shokapu mbele tu. Kama ni vumbi na lami kidogo, chukua ya changarawe. Ujue pia kwamba rimu ya inchi 29 na ile ya 700c zina kipenyo kimoja cha kukalia tairi, milimita 622. Shokapu ya nyuma kwenye baiskeli ya bei rahisi ni mzigo wenye springi. Nimesema.

Na matairi kwanza. Hata kama hukusoma kingine chochote hapa, matairi kwanza, na upepo kabla ya matairi. Nawaona vijana wanafunga kibadilisha gia kinachong'aa kama saa ya ukutani juu ya baiskeli yenye matairi yaliyopauka na kupasuka pembeni, nasikitika. Tunanunua kinachoonekana kwenye picha. Gia 12 hazitakupandisha mlima ambao mapafu yako yameukataa. Matairi, ndugu zangu. Pedi za breki. Cheni.

Cheni nayo nina kovu lake. Chukua rula, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu mpaka inchi 12. Cheni mpya, pini inakaa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, sproketi nazo zimeshaliwa. Mimi niliacha ikapita huko, nikaweka cheni mpya juu ya kaseti ya zamani, nikasimama kwenye pedali nipande kilima. Cheni iliruka, goti likaenda moja kwa moja kwenye usukani. Alama bado ipo, ukubwa wa punje ya hindi.

Mwaka huu nimemaliza kilomita 110 za changarawe juu ya fremu inayonikaa, shingo ya usukani iliyokuja nayo, kiti kilichokuja nacho. Nilichobadilisha ni matairi na pedi. Yule mwenzetu aliyekuwa akinicheka alikuwa nyuma yangu kwa zaidi ya dakika 20. Alikuwa na foku mpya. Sikusema kitu. Nilimbonyezea tairi kwa dole gumba tu.

Msomaji wangu alipima juzi. Akaniandikia: "Kaka, imezidi." Anajaribu kubadilishana na mtu mrefu, na nimemwambia nitamsaidia kutafuta.

Ile foku ya kwanza bado iko uvunguni. Fremu niliyonayo sasa ingeimeza vizuri kichwani, ila foku ni ya gurudumu la inchi 27.5 na mimi sasa nina 29. Sili zimekauka, lakini miguu yake haina mkwaruzo hata mmoja. Mwenye kichwa kinene na gurudumu dogo aniandikie.