Nimehitimu, Mbona Cheo Hakijasogea?

Maswali ya wasomaji kuhusu kujiendeleza kazini

Habari za kazi, wahariri. Nipo masjala ya wizara moja hapa Mtumba, Dodoma, nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu. Nataka kusoma shahada ya rasilimali watu jioni, ila mwenzangu alimaliza yake mwaka juzi na bado anapanga mafaili palepale. Nisome au niache? – Dada wa Masjala

Soma, dada, lakini usianzie chuoni. Anzia kwa afisa utumishi, umwombe akuonyeshe muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako, yaani kundi la kazi uliloajiriwa. Humo zimeandikwa sifa za kila daraja. Mtumishi hupanda kwa muundo wa kada aliyomo. Shahada ya kada nyingine, hata iwe na alama za juu kiasi gani, haimpandishi. Inampa tu sifa ya kuomba kubadilishiwa kada, na hilo linahitaji nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na fedha kwenye bajeti. Huenda ndipo alipokwama mwenzako. Shahada ya kumbukumbu na nyaraka ni njia fupi zaidi kwako. Kama moyo umeng'ang'ania rasilimali watu, uliza mapema, tena kwa maandishi, utaanzia cheo gani na mshahara utakuwaje. Wapo wanaoshtuka siku ya mwisho kuambiwa wanaanzia daraja la kuingilia.

Kisha andika barua kupitia mkuu wa idara ili jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa wizara. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Barua ya Juni imeshachelewa, ya Novemba ina nafasi. Usilipe ada kabla ya kupata ruhusa iliyoandikwa. "Bosi anajua" si ruhusa. Bosi akihamishwa, jalada lako halina kitu.

Sasa hesabu ya muda, ambayo matangazo ya vyuo huiruka. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Humo kuna vipindi, kusoma mwenyewe na kazi unazopewa. Ukitoka ofisini saa 9:30 alasiri, ukapanda daladala kurudi mjini, ukabakiwa na saa 15 za kweli kwa wiki, unahitaji wiki 80 kwa mwaka huo mmoja wa masomo. Ukitaka kumaliza kwa wiki 40, ni saa 30 kila wiki juu ya kazi. Hapo ndipo watu huanza kukosa majaribio, wakarudia masomo, wakalipa mara ya pili.

Ukihitimu, peleka nakala za cheti na matokeo kwenye jalada lako binafsi na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukiamua kuomba kada mpya kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mtumishi wa umma apitishe barua yake kwa mwajiri. Matokeo ya muda hayapokelewi, kwa hiyo subiri cheti chenyewe.

Mimi ni fundi mwashi, Nkuhungu. Nina miaka 12 kazini, nilifundishwa na mjomba. Siku hizi wakandarasi wananidai cheti. Nirudi darasani na vijana wa kidato cha nne? – Fundi

Hapana, fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji ujuzi (kupimwa na kupewa cheti cha ujuzi ulio nao) kwa watu kama wewe, waliojifunza kazi nje ya chuo. Fika VETA Dodoma uulize fani ya uashi wanaandikisha lini. Utahojiwa, utafanya kazi kwa vitendo mbele ya mtathmini, na penye pengo utafundishwa hapohapo penye pengo. Beba picha za kazi zako.

Fundi mzuri hukwama kwenye vipimo na kwenye "kwa nini". Mkono unajua, mdomo haujui. Chukua zege la 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, sawa na ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Basi mchanga ni ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Acha kuhesabu kwa koleo, kwa sababu koleo la mchanga na la kokoto havilingani hata mikononi mwa mtu yuleyule. Maji ni lita 25 hadi 27 kwa mfuko, na mchanga ukiwa na unyevu unapunguza. Ukiongeza maji ili zege liteleze, ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu inashuka.

Hapa kwetu jiandae zaidi kwa swali la kumwagilia. Kwa upepo mkavu wa Julai na Agosti, uso wa zege hukauka kabla saruji haijamaliza kushika, ndipo zinapotoka zile nyufa nyembamba. Lifunike kwa magunia yaliyoloa, siku zisizopungua 7. Ramani nayo usiikimbie: kwenye skeli ya 1:100, sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya saiti.

Shuleni kwetu Kongwa tuna vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), hakuna cheti wala posho. Kuna faida? – Mwalimu wa darasa la tatu

Ipo, mwalimu, ila usipoiandika haionekani. Tenga daftari la safu nne: tarehe, mada, ulichobadilisha darasani, kilichotokea. "Nimetumia mbinu shirikishi" ni maneno matupu. Andika kwa mfano huu: "Wanafunzi 14 kati ya 52 walishindwa kutoa kwa kukopa, baada ya wiki mbili za vijiti wamebaki 5." Hilo ndilo la kumwonyesha mwalimu mkuu mnapopitia utendaji wako kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma.

Nina vyeti 11 vya kozi za bure za mtandaoni. Niviweke vyote kwenye wasifu? – Mhasibu, Area D

Viwili au vitatu vinavyohusu kazi unayoomba vinatosha. Ukitaja Excel, usishangae kwenye usaili kuwekewa faili la malipo lenye majina yaliyojirudia. Na kama bado hujamaliza CPA, sifa ya juu ya uhasibu, saa hizo zingekufaa zaidi huko: mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba.