Maswali Yenu: Ua Zuri Kwenye Skrini, Ukungu Kwenye Karatasi

Safari hii maswali mengi yamefanana, yote yanahusu brashi za kwenye programu za kuhariri picha, zile za kugonga maua, majani, madoadoa ya rangi na mishono, ambazo watu wanatumia kutengeneza kadi, lebo za zawadi, alama za kitabu na viboksi vya kuprinti alafu kukata na kukunja. Nimechukua matano. La kwanza nitalikalia sana kwa sababu ndo mzizi wa matatizo mengi mnayoniandikia.

SWALI: Shikamoo dada. Natengeneza kadi za kukunja, karatasi ya A4 naikunja katikati. Nimepakua brashi ya ua moja zuri sana, kwenye skrini limejaa ukurasa wa mbele na limetulia kabisa, nikiprinti linatoka limefifia pembeni kama kuna ukungu, mishipa ya petali haionekani. Nimesafisha vichwa vya printa mara tatu na wino umeenda bure. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Printa yako ni nzima, iache ipumzike, tatizo lipo kwenye ukubwa wa brashi.

Chukulia brashi ya kompyuta kama muhuri wa raba. Aliyeutengeneza aliuchonga kwa ukubwa fulani, na ukubwa huo unapimwa kwa pikseli, yaani vile vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha. Sasa ukiuvuta uwe mkubwa kuliko alivyouchonga, programu haina pa kutoa mistari mipya, inachofanya ni kutanua ile iliyopo na kuipakapaka katikati, ndo ule ukungu unaouona. Kwenye skrini huuoni kwa sababu unaangalia kadi nzima ikiwa imepunguzwa, labda 30%, na skrini yenyewe ina pikseli chache kwa kila inchi ukilinganisha na unachodai kwenye karatasi. Kabla ya kuprinti weka muonekano kwenye 100% uangalie pembe za petali, ukungu utauona hapohapo bila kupoteza hata tone la wino.

Tupige hesabu kidogo. Kazi ya kuprinti ya kushikwa mkononi tunaifungua kwa pikseli 300 kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kwahiyo A4 nzima inakuwa pikseli 2480 kwa 3508, na nusu yake, yaani uso wa kadi yako, ni 1754 kwa 2480. Brashi ya pikseli 400 hapo inatoa ua la sentimita 3.4 tu likiwa safi. We umelivuta mpaka likajaa uso wa kadi, tuseme pikseli 1600, maana yake kila pikseli moja ya mwanzo sasa inafanya kazi ya pikseli kumi na sita. Hakuna printa ya kukusaidia hapo.

Ukubwa wa asili wa brashi unauona kirahisi. Kwenye Photoshop na kwenye GIMP pia, pembeni ya sehemu ya ukubwa kuna kitufe kidogo cha kurudisha, ukikibonyeza brashi inarudi kwenye ukubwa wake wa kuzaliwa na namba unaisoma hapo. Fanya hivo kwa kila brashi unayopakua kabla hujaipenda. Ikiwa chini ya 500 ijue ni ya lebo ndogo na pembe za kadi. Ikiwa 2000 na zaidi hiyo inajaza ukurasa bila shida. Kupunguza brashi kubwa ni salama, isipokuwa yenye vistari vyembamba sana, vile ukipunguza mno vinapotea.

Na ua lako usilitupe, ligonge kwa ukubwa wake mara tano au sita, kila ua kwenye leya yake (tabaka lake la picha), moja ulizungushe kidogo, jingine likatwe na ukingo wa kadi, utapata shada zuri kuliko hata ua moja kubwa. Unapogonga bonyeza mara moja na uachie, usiburute, ukiburuta hata kidogo linagongwa mara mbili mbili na hiyo nayo inaonekana kama ukungu.

Ila njia ninayoipenda kuliko zote ni kutengeneza brashi yako. Mi nilichukua jani moja kavu lenye mishipa mingi, refu kama sentimita kumi hivi, nikaliskani kwa 600 badala ya 300, likanipa kama pikseli 2360 kwa urefu. Nikaligeuza kuwa jeusi na jeupe, nikalifanya brashi, nikaanza kugonga kwa furaha, alafu nikaprinti, na kila jani likaja na kivuli cha mstatili kimelizunguka, hafifu lakini kipo! Kumbe brashi inasoma weusi tu: nyeusi kabisa inagonga rangi yote, nyeupe kabisa haigongi kitu, na kijivu chochote kati yao kinagonga nusunusu. Kioo cha skana hakikuwa kimetoa nyeupe kamili, kilitoa kijivu chepesi ambacho jicho langu lilikiona cheupe, na brashi ikakigonga chote. Dawa yake ni kufungua Levels, sehemu ya kurekebisha mwanga na giza la picha, kisha ule mshale wa upande wa mwanga uusogeze ndani mpaka karatasi yote ya nyuma ya jani iwe nyeupe kweli, na wa upande wa giza usogeze kidogo mishipa ikolee. Baada ya hapo kwenye Photoshop unaenda menyu ya Edit unachagua Define Brush Preset, basi imeisha. Kwenye GIMP unachagua eneo la jani, unakopi, alafu kwenye Edit unatafuta Paste as na New Brush, unaipa jina na inajitokeza kwenye orodha ya brashi. Lile jani nalitumia mpaka leo na hakuna mwingine mwenye nalo.

SWALI: Mambo dada, nimenunua karatasi za kaki kwa ajili ya lebo za zawadi nikagonga nyota nyeupe kwa brashi juu ya background ya kahawia, kwenye kompyuta inavutia balaa. Nimeprinti mara mbili, nyota hazitoki kabisa. Setingi gani nimeiacha?

JIBU: Poa kabisa, na hakuna setingi uliyoiacha. Printa za kawaida za nyumbani hazina wino mweupe. Kwenye lugha ya printa nyeupe maana yake "hapa usiweke kitu", kwahiyo penye nyota karatasi imebaki kama ilivyo, na ilivyo ni kaki. Na ile background ya kahawia uliyoweka kompyuta ili ifanane na karatasi, nayo imeprintiwa juu ya kaki, ndo maana naamini lebo zimetoka na giza kuliko ulivyotarajia.

Geuza mpango: ifute hiyo background, gonga nyota kwa rangi iliyokolea kama nyeusi, bluu ya usiku au maruni iliyoiva, na uache kaki yenyewe ifanye kazi yake. Rangi nyepesi kama pinki na njano sikushauri, wino wa printa unapitisha mwanga na kaki itazimeza. Ukiutaka weupe wenyewe, gonga nyota kwa kijivu chepesi sana kama ramani tu, kisha uzipitie kwa mkono na kalamu ya jeli nyeupe. Inachukua muda lakini mng'ao wake ni wa kipekee na mpokeaji anajua mkono wa mtu umepita hapo.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, natamani kadi zangu ziwe na mshono wa uzi pembeni kama zimeshonwa, nimejaribu kuchora kimstari kimoja kimoja kwa kipanya cha kompyuta inachosha na hailingani. Kuna brashi yake?

JIBU: Nzuri sana mwalimu, na pole kwa huo mkono. Zipo za kupakua lakini hii unaitengeneza kwa dakika mbili. Chukua brashi ya duara ya kawaida yenye ukingo mgumu, ifanye ndogo, kama pikseli 25, kisha kwenye dirisha la setingi za brashi iminye mpaka duara liwe umbo jembamba kama punje. Alafu ongeza nafasi kati ya muhuri na muhuri (Spacing). Nafasi hii kwa kawaida huwa ndogo ndo maana brashi inaonekana kama inachora mstari mmoja, ila kiukweli inagonga mamia ya mihuri iliyobanana. Ipandishe, 150%, 200%, endelea hata zaidi, mpaka uone punje zinaachana kama mishono.

Kitu cha mwisho ndo wengi wanakisahau: uiambie pembe ya brashi ifuate mwelekeo wa mstari, kwenye Photoshop ni Shape Dynamics, pale kwenye pembe unachagua Direction, na kwenye GIMP kuna dynamics inayoitwa Track Direction. Bila hiyo mishono ya juu italala vizuri na ya pembeni itakuwa kama ngazi. Sasa bonyeza kona moja, shika Shift, bonyeza kona ya pili, mstari ulionyooka unajichora. Kila upande ufanye peke yake, usizunguke kadi nzima kwa mkupuo, maana kwenye kona mshono unaweza ukakaa kiupande.

Na mwalimu, mshono usiusogeze karibu mno na ukingo wa kukata. Acha angalau milimita 5, ambazo ni kama pikseli 59. Watoto wakishika mkasi mkono unacheza, na mshono ukiwa karibu na ukingo kila kosa la milimita moja linaonekana toka mbali, ukiwa ndani kidogo jicho linasamehe.

SWALI: Dada naomba msaada haraka, nimetengeneza kiboksi cha zawadi na mfuniko wake, nimevipamba kwa brashi, nimeprinti kimoja jana kimoja leo, mfuniko hauingii! Vipimo nimehakiki mara kumi viko sawa.

JIBU: Vipimo viko sawa kwenye faili, ila naona kimoja kimeprintiwa kwa ukubwa halisi na kingine printa imekipunguza kitoshee ndani ya kingo zake. Ile chaguo ya "fit" huwa inajiwasha yenyewe, hasa ukifungua PDF kwa programu tofauti. Kila mara chagua ukubwa halisi au andika 100%. Na fanya kama ninavyofanya mimi, kwenye kona ya kila karatasi ya kiboksi chora kimstari cha sentimita 5 kamili, ambacho kwa 300 ni pikseli 591. Ikitoka tu weka rula, ikiwa sentimita 5 kata, ikiwa 4.8 usiguse mkasi. Mfuniko wenyewe uwe mpana kuliko kiboksi kwa milimita 1 au 2 kila upande, karatasi ngumu ya gramu 200 ina unene wake na unene huo unakula nafasi.

Halafu usigonge brashi nzito juu ya mistari ya kukunjia. Kama printa ni ya leza ule unga umelala juu ya karatasi, ukikunja unapasuka na weupe unachungulia kwenye kona zote. Pitisha kwanza kalamu iliyoisha wino kwenye mstari kwa rula, ndo ukunje taratibu.

SWALI: Nikitengeneza kadi kwa brashi za bure za kupakua naruhusiwa kuziuza?

JIBU: Inategemea aliyeitengeneza amesema nini. Kwenye folda uliyopakua mara nyingi kuna kifaili cha maandishi pamoja na ile faili ya abr, yaani ya brashi yenyewe, watu wengi hawakifungui, kifungue. Wengine wanaruhusu matumizi binafsi tu, basi kadi ya kumpa rafiki ni sawa na ya kuuza hapana. Wengine wanaruhusu kuuza kadi iliyoprintiwa lakini wanakataza kuuza faili ambalo mtu anaweza kuitoa ile picha na kuitumia tena. Kuigawa brashi yenyewe kwa wengine kama yako, hilo usilifanye kabisa, kuna mtu alikesha anaichora. Ukikosa maelezo yoyote mwandikie mwenyewe umuulize na ujumbe wake uuhifadhi, au skani jani lako.